Mkono Ulioachwa Hewani

Mtu mmoja alikuwa na bonde zuri, akawaweka humo watu aliowapenda, walime na kula. Hakuwadai kitu. Mto mkubwa ulipita pembeni mwa bonde, na kutoka mtoni watu walichimba mifereji ya kunyweshea migomba na magimbi yao. Mwenye Bonde aliwapa sharti moja tu, kwamba maji yazunguke kwa zamu, asikose hata mmoja. Lakini binadamu ni binadamu. Mmoja aliziba mfereji wa jirani, jirani akalipiza, na mwisho wakalivunja banio lenyewe, lile lililowagawia wote maji. Mto ukaanza kupungua, ukapungua hadi ukakauka, na maji yakimwagika hayazoleki. Mwenye Bonde akawatoa watu wale, akawahamishia ng'ambo ya mto kwenye mteremko wa mawe. Siku ya kuwaaga aliwaambia, "Nitarudi, na maji yatarudi pamoja nami. Bonde litakuwa kama siku ya kwanza. Siku hiyo mtavuka kama mlivyokuwa mkivuka zamani."

Miaka ikapita. Waliomsikia kwa masikio yao wakafa mmoja mmoja, wakawaachia watoto ahadi ile, na watoto wakawaachia wao. Kule mteremkoni mtu alilima mtama kati ya jiwe na jiwe, akavuna kiganja, akashukuru. Lakini kila mmoja alilala na bonde machoni.

Hakuna aliyeliota kama Sefania. Katika ndoto yake ilikuwa asubuhi siku zote. Alijiona akitembea chini ya migomba, majani yakimdondoshea umande shingoni, na mahali fulani mbele yake maji yakiongea, maji ambayo hakuwahi kuyaona kwa macho. Marehemu mama yake alikuwapo humo, ameketi kando ya mfereji akimenya gimbi la moto, akipuliza vidole. Huyu mama alifia mteremkoni, na siku zake za mwisho alichotamani ni gimbi la bondeni tu, wakalikosa. Sefania alimwahidi pale kitandani kwamba yeye ataingia, na kwamba gimbi la kwanza atalimenya kwa jina lake. Aliamka mara nyingi na ladha ile mdomoni. Aliipenda ahadi kuliko pumzi yake, na hilo lisisahauliwe tutakapofika mbele.

Kwa sababu ya upendo huo watu walimfanya mzee wao, awafundishe. Akafundisha vizuri. Aliyafikiri maneno ya Mwenye Bonde kila alfajiri, akayageuza huku na huku, hata akaona wazi ni nani ataingia na nani atabaki. Ataingia anayeijua ahadi bila kukosea. Ataingia aliye safi wa mavazi na wa midomo. Ataingia aliyezaliwa katika nyumba zilizotoka bondeni. Na yale maneno ya mwisho, kwamba mtavuka kama mlivyokuwa mkivuka zamani, Sefania aliyaeleza kuwa ni kuvuka kwa utaratibu na kwa nyimbo. Basi kila Jumapili aliwapanga watu katika mstari, wote wamevaa nyeupe, yeye mbele kabisa na koti lake, wakashuka wakiimba mpaka ukingoni mwa mto mkavu. Pale alikuwa amepanga mawe yaliyopakwa chokaa. Wa mstari walisimama mbele ya mawe, na wale ambao mafundisho hayakuwaruhusu walisimama nyuma ya mawe, kama walipenda kuja. Huo mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Mbuzi walikatiza wakienda na kurudi. Watu wale waliomba maji yarudi, waliomba kwa machozi, na katika wote hakuna aliyejiuliza maji yakirudi yatapita wapi.

Nyuma ya mawe hawakukosekana watu, na wawili walikuja kila Jumapili. Mmoja alikuwa Kajiru, kipofu, mzee kuliko wote, wa mwisho kati ya waliozaliwa bondeni. Lakini alikuwa mmoja wa vijana walioshika nyundo siku ile banio lilipovunjwa, na hakulificha. Mwingine alikuwa Nakiete. Huyu alipanda kutoka nchi tambarare akiwa na mtoto mgongoni, hana ukoo pale, akapika pombe ya miwa ili mtoto ale. Ahadi aliisikia kwa kuokoteza, akisimama mbali wenzake wakifundishwa, na alipojaribu kuisema aliikosea. Lakini aliiamini. Ndiye aliyemchukua Kajiru nyumbani kwake pale ndugu zake walipomchoka, na kila Jumapili alimshika mkono akamshusha polepole kwenye yale mawe, akimwambia, "Inua mguu, babu. Hapa kuna jiwe. Haya, shusha."

Kajiru alikuwa na neno lake moja, akalirudia hata watoto wakalifanya mchezo. "Mto ule," alisema, "hauvukwi na mtu mmoja." Watu walicheka wakatazama mchanga.

Ikatokea mwaka wa njaa mtoto wa Nakiete akafa. Desturi ya mteremkoni ni kwamba kaburi likishafukiwa, mfiwa husimama kando, na watu wote hupita mbele yake wampe mkono wa pole. Hata adui hupita. Sefania alikwenda, kwa kuwa hakuwa mtu wa roho mbaya, akalitazama lile kaburi fupi. Akajipanga na wenzake. Zamu yake ilipofika Nakiete aliunyosha mkono, nao ulikuwa umejaa udongo, kwa sababu alikuwa ameufukia mwenyewe mwili wa mwanawe. Sefania aliuona udongo. Alifikiri pia vyungu vya pombe ambavyo mkono ule umevikoroga, na macho ya watu wa mstari waliokuwa nyuma yake wakimtazama wajue la kufanya. Akatia mkono mfukoni mwa koti. "Pole, mama," akasema, akapita. Waliomfuata wakafanya vilevile. Mkono wa Nakiete ukabaki hewani kwa kitambo, kisha akaushusha, akampapasa Kajiru begani, wakaenda zao.

Usiku Sefania hakuiota migomba. Wala usiku uliofuata. Akasema moyoni ni uchovu wa njaa.

Kisha asubuhi moja watu waliamka na harufu. Isipokuwa Kajiru, hapakuwa na mtu aliyewahi kuinusa, na bado wazee kwa watoto walitoka nje wakasimama milangoni wakilia bila kujua sababu. Ilikuwa harufu ya udongo wa mtoni uliolowa. Ukungu mweupe ulikuwa umejaa huko chini, na ndani ya ukungu kulikuwa na sauti, nzito, isiyopumzika. Sefania aliijua. Alikuwa ameisikia usingizini maisha yake yote. Alivaa nguo nyeupe na koti lake, akaita watu, wakajipanga, wakashuka wakiimba. Aliona kama hakanyagi mawe. Ukungu ulifunguka kidogo ng'ambo ya pili, akaiona migomba, mibichi, imeinama kwa mikungu, na moshi mwembamba wa mahali panapopikwa. Akasema, "Mama, nimefika," na machozi yakamtiririka.

Alipofika kwenye mawe ya chokaa, mawe hayakuwapo. Mto ulikuwa umeyachukua. Maji yalijaa kutoka ukingo hadi ukingo, mekundu, yakibeba magogo kama vijiti. Wimbo ukafa mdomoni mwa mmoja, kisha kwa mwingine, mpaka ikabaki sauti ya mto peke yake.

Sefania aliingia. Tusimwonee, hakuwa mwoga. Aliingia mpaka magotini, maji yakamnyanyua, yakamtupa ukingoni. Akainuka akaingia tena, yakamtupa tena, na safari hii alibaki ameshikilia nyasi huku akikohoa. Nyuma yake mstari mzima ulikuwa umesimama unamsubiri. Mke wake alikuwa humo, na wanawe, na watu wote aliowafundisha kwamba wasivuke kabla yake.

Hapo ukungu ukasogea, akaona. Katikati ya mto, mahali penye kina kuliko pote, alisimama mtu, maji yakimpiga kifuani, wala hayakumsogeza. Sefania hakuhitaji kuambiwa ni nani. Mwenye Bonde alikuwa ameshuka mtoni mwenyewe. Mkono wake wa kushoto ulishikwa na mtu, naye ameshikwa na mwingine, mpaka ng'ambo ya bondeni, nao wote walikuwa watu wa nyuma ya mawe. Hao hawakuwa na mstari wa kusubiri. Waliposikia maji walishuka na Kajiru, na Kajiru akawaambia vile walivyokuwa wakivuka zamani, mkono kwa mkono, na kwamba aliyetangulia haendi zake, hugeuka akampokea wa nyuma. Mkono wa kuume wa Mwenye Bonde ulimshika Kajiru. Kajiru alimshika Nakiete. Na Nakiete alikuwa amekwisha kufika bondeni na kurudi, kitenge kimelowa, magimbi mawili yamefungwa pindoni. Alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka ukingoni, mbele ya Sefania, mkono ameunyosha.

Mkono wenyewe ulikuwa na matope.

Sefania aliutazama, akautambua, na baridi kuliko ile ya mto ikamwingia mwilini. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, watu husema, na husema kwa urahisi wakiwa wamekaa. Aibu ilimjia, na pamoja na aibu hasira, kwa sababu aliona kwamba akiushika mkono ule mbele ya mstari, mafundisho yake yote yatakwenda na maji, na yeye pamoja nayo. Akatia mkono mfukoni mwa koti kama siku ile makaburini, akainua uso, akapaza sauti juu ya mto, "Bwana! Mimi ni Sefania! Nimekungoja tangu utoto wangu. Njoo unishike wewe mwenyewe!"

Mwenye Bonde alimtazama, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyesimama kwa muda mrefu katika maji baridi kwa ajili ya watu, na bado hajachoka.

"Nimekwisha kuunyosha mkono wangu, Sefania," akasema. "Unaishia kwa Nakiete."

Mto ulikuwa ukipanda. Kajiru aliinua uso wake usioona, akauliza, "Mwanangu, bado kuna mtu ukingoni?" Nakiete akamjibu, "Yupo, babu. Tumsubiri." Maji yalikuwa baridi, lakini hakuurudisha mkono. Kutoka ng'ambo upepo ulileta harufu ya gimbi linalochomwa, na Sefania akamkumbuka mama yake akipuliza vidole, na vidole hivyo, sasa aliona, navyo katika ndoto vilikuwa na udongo siku zote.

 Waliokuwa karibu naye wanasema aliutoa mkono mfukoni.

Msiniulize kama aliunyosha. Jiulizeni, ninyi mnaojua vizuri nani ataingia na nani atabaki: siku mto utakapojaa, ni mkono wa nani mliouacha hewani ambao mtaukuta umenyoshwa mbele yenu?