Kwa Nini Bundi Hapati Usingizi

Fungeni mlango kwanza, kisha sikilizeni. Zamani bundi alikuwa ndege wa mchana. Macho yake yalikuwa madogo kama ya njiwa, na giza likiingia alilala kama sisi. Kazi yake ilikuwa kulinda lango la Mtemi, na huko milimani hakuna aliyeogopwa kuliko yeye.

Maana Mtemi alikuwa ametoa amri: asiye na ng'ombe asikae na ndoto. Ndoto ni ya mwenye zizi, alisema, maskini ataipeleka wapi? Basi kila asubuhi wasio na mifugo walipanga foleni langoni. Ulimnong'oneza bundi ulichoota, akakimeza, nawe ukarudi shambani huna unachokumbuka. Mtu mzima anapokonywa hata kilichomo kichwani mwake, na bado anatakiwa kushukuru.

Aliyeficha, bundi alimkazia macho tu. Kuanzia hapo mtu huyo hakulala tena. Senzota, mkulima mmoja maskini, alificha yake. Akawa anasimama bondeni usiku na mchana, macho wazi, nzi wakimtua usoni hapepesi. Binti yake Namsifu alipompelekea uji, baba alimtazama kama anayetazama jiwe.

Siku moja Namsifu naye akaota: maji ya chemchemi ya juu yanateremka kwa mfereji hadi kwenye shamba lao lililokauka. Mama yake, Nakijwa, alipouona uso wake asubuhi akamvuta kando.

"Mpe bundi, mwanangu. Mpe yaishe. Baba yako si unamwona?"

"Namwona, mama. Na wewe uliyempa kila siku, unakumbuka ulitaka kuwa nani?"

Nakijwa akageuka, akachochea moto.

Langoni, zamu ya Namsifu ikafika. Bundi aliinama mpaka pumzi yake ikamgusa shavuni.

"Una ng'ombe?"

"Sina."

"Mbuzi?"

"Sina. Kuku tulikuwa naye, akaliwa na kicheche."

Wawili kwenye foleni walicheka, wakanyamaza haraka.

"Sasa ndoto ya nini, we mtoto?"

"Kwani Mtemi akilala, ng'ombe wanalala naye kitandani? Akishafumba macho hana kitu, kama mimi tu."

Bundi akamkazia macho. Namsifu akahisi usingizi wake ukimtoka kama damu. Hapo hakunong'ona. Aliisema ndoto yake kwa sauti, foleni nzima ikasikia: chemchemi, mfereji, maji. Bundi akaachama aimeze, lakini ilikwishaingia katika masikio mengi. Mzee mmoja nyuma akasema yake. Mwanamke mwingine akasema yake. Bundi akageuza kichwa huku, akakigeuza kule, akameza, akameza, hadi macho yakamvimba na ndoto za watu zikaanza kupiga kelele tumboni mwake. Akaruka, akajificha mtini penye giza.

Langoni hakubaki wa kumeza ndoto, na watu wa foleni wakauchimba mfereji. Maji yalipofika bondeni yalipita pale pale alipokuwa amesimama Senzota miaka yote. Yalipomgusa miguu, akafumba macho, usingizi ukamchukua.

Na tangu siku hiyo bundi hana usingizi. Macho yamemjaa usoni, na shingo yake huzunguka akitafuta wa kumnong'oneza. Akilia juu ya paa, watu husema anatangaza kifo. Hapana. Ana njaa. Ndiyo maana katika nyumba zetu, hata ile ambayo jikoni hakuna uji, mtoto akiamka huulizwa kwanza ameota nini, naye hujibu kwa sauti, ili wote wasikie.