Nani Amtoe Nje Mtoto wa Riziki?

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya majini wala wafalme, ni ya juzijuzi tu, wanawake watatu waligombea heshima moja: kumbeba mtoto wa Riziki na kumtoa nje siku ya arubaini. Kwa desturi ya mji wao, anayemtoa mtoto nje mara ya kwanza huitwa mama yake wa pili maisha yake yote. Na mtoto ni mmoja. Sikilizeni basi, msinikatize.

Riziki alijifungua kwa upasuaji. Mtoto alikaa vibaya tumboni, daktari akapasua, mtoto akalia, watu wakashukuru. Lakini mtaani kulikuwa na maneno, na mwenye maneno ni wifi yake, Saumu, mwanamke mwenye ulimi ambao simtakii hata adui yangu. Saumu alizoea kusema, "Aliyepasuliwa hakuzaa huyo, kazalishwa. Uchungu haujui."

Basi Riziki, masikini, akaamua moyoni: dawa za maumivu sitaki. Angalau niuvumilie uchungu wa kidonda, nami nihesabiwe mzazi. Kila akiletewa vidonge, anavificha chini ya mto.

Maumivu yakamkamata kisawasawa. Akashindwa kuketi, akashindwa kugeuka, akashindwa kumnyonyesha mtoto. Muuguzi wa wodi, Sista Leokadia, akainua mto, akaviona. Hakufoka. Akasema, "Mama, dawa hii haingoji mpaka uumie. Inamezwa kwa saa zake, ili uweze kusimama."

Riziki akamsukuma, maji yakamwagika. Sista akafuta sakafu, akaleta kikombe kingine. Riziki akamtukana. Sista akaleta kingine. Mwishowe Riziki akameza. Sista akampa mto aukumbatie tumboni kila anapokohoa, akamshika mkono, wakatembea hatua tano. Kesho yake kumi. Mwanamke yule ana subira, nawaambieni!

Riziki akarudi nyumbani. Mama mkwe akamwita Bi Mize, mkandaji ambaye mikono yake imewakanda wazazi wa mji mzima kwa maji ya moto. Wanawake wakajaa chumbani kutazama. Bi Mize akakiona kidonda, akaweka kitambaa chini.

"Tumbo hili silikandi."

"Umezeeka, Bi Mize," akasema mama mkwe. "Tutaita mwingine."

"Mwiteni. Atanikuta mlangoni, na hatapita."

Kweli akakaa mlangoni, siku baada ya siku. Alimkanda Riziki miguu na mabega tu. Habari zikaenea kwamba Bi Mize hawezi kazi tena, na watu wakaacha kumwita majumbani kwao.

Riziki naye akalia kwa aibu: "Hata kukandwa sikandwi! Mimi si mzazi kama wenzangu." Vidonge akaviacha tena, maumivu yakarudi, mtoto akalia kwa njaa.

Hapo Saumu, mwenye ulimi wake, akasimama mbele ya wanawake wote, akafungua kanga. Kovu! Limelala chini ya kitovu. Miaka tisa amelificha, kwa kuwa mwanawe alizaliwa mji wa mbali.

"Nilisema uongo," akasema. "Nami nilipasuliwa. Na dawa nilimeza zote, nikaomba nyingine. Meza, wifi yangu."

Riziki akameza, akapumzika kidogo, kisha akampakata mtoto akamnyonyesha.

Siku ya arubaini ikafika. Riziki kasimama wima, kidonda kimepona, uso unang'aa. Watatu wale wako mlangoni, Sista naye kaja kutoka hospitali, kila mmoja kanyoosha mikono.

Sista akasema, "Bila mimi asingesimama. Nilimtembeza huku ananitukana."

Bi Mize akasema, "Bila mimi kidonda kingefumuka. Nimepoteza kazi ya miaka thelathini."

Saumu akasema, "Bila mimi angeacha dawa mpaka leo. Nami nimepoteza heshima yangu mji mzima."

"Na bila ulimi wako," Bi Mize akamgeukia, "asingeziacha hata siku moja."

Saumu akainamisha kichwa, lakini mikono hakuishusha. Kwa hilo namheshimu, kusema kweli.

Riziki anawatazama mmoja mmoja, machozi yanamtoka, maana anawapenda wote. Nje watu wanangoja. Nyinyi mlioketi hapa, mwambieni: je, nani alistahili kupewa mtoto?