Kalamu ya Profesa Lutengano

Hapo zamani, na si zamani ya majitu, maana kompyuta zilikwishaingia, aliishi Tukuyu Profesa Lutengano. Alikuwa bingwa wa kompyuta. Vitabu vyake vilisomwa vyuo vyote, wanafunzi wakavitoa fotokopi mpaka herufi zikafifia. Lakini mwenyewe aliandika kwa kalamu ya wino, wengine ndio waliochapa. Wakimcheka, anasema, "Kompyuta inajua kuhesabu. Kufikiri, nafikiri na kalamu."

Katika kila kitabu alirudia neno moja: ukiipa kompyuta kazi, iambie na pa kusimama, la sivyo itazunguka mpaka kiama.

Akazeeka, akastaafu, akaanza kukiandika upya kile kitabu chake kikubwa. Hapo ndipo akili ilipoanza kumtoka. Anakunywa chai, anaweka kikombe, anamuuliza mkewe, "Mama Ikupa, chai yangu iko wapi?" Anamiminiwa. Anakunywa, anauliza tena. Waliosema karogwa walikuwepo, hao hawakosekani, tuwaache na midomo yao.

Kurasa zake nazo zikawa hivyo hivyo. Hatua ya kwanza, hatua ya pili, hatua ya tatu: rudi hatua ya kwanza. Pa kusimama hapana.

Watu watatu waliziona kurasa hizo, kila mmoja akafanya lake.

Wa kwanza ni mkewe, Tusekile. Kila siku alizipokea, akasema, "Umeandika vizuri, Baba Ikupa," akazifungia sandukuni. Mzee akacheka, akala, akaandika tena. Miaka miwili.

Wa pili ni Masalu, aliyekuwa mwanafunzi wake, sasa naye mwalimu wa chuo. Alikuja kuchukua sura za kuchapa, akasoma, akatoka nje akalia migombani. Kisha akarudi kwake, akakiandika kitabu chote yeye, akakitoa kwa jina la Profesa peke yake. Vyuo vikakipokea.

Wa tatu ni binti yao, Ikupa, muuguzi. Alikuja likizo, akafungua sanduku, akaketi mbele ya baba yake.

"Baba, unayoandika hayasimami. Akili yako inaugua. Weka kalamu chini."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Mama yako anajua?"

"Anajua."

Mzee akataka sanduku. Akasoma ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu, akaacha. Wakamletea na kile kitabu kilichochapwa. Akakisoma asubuhi mpaka mchana, halafu akasema, "Kitabu kizuri. Nani kaandika?"

Akageuza jalada, akaona jina lake. Akalifunika kwa kiganja.

Tangu siku hiyo aliandika mstari mmoja tu: *Kalamu yangu apewe aliyeniheshimu.* Chai hakuiulizia tena. Mwezi haukuisha, akafa.

Matanga yalipoondolewa, kalamu ikawekwa mezani.

Tusekile akasema, "Hiyo yangu. Nilimpa miaka miwili ya kucheka. Ninyi mlimpa nini?"

"Ulimpa kicheko cha mtoto mchanga, Mama," akasema Ikupa. "Mtu mzima ulimfungia sandukuni. Mimi peke yangu niliongea naye kama Profesa."

"Ukaongea naye mpaka kaburini!"

"Alikuwa anakufa, Mama. Mimi nilimwacha afe akijijua."

Masalu akasema, "Mama, dada, samahanini. Jina lake nani alilinda? Leo wanafunzi wanamsoma, hakuna anayemcheka."

"Wanakusoma wewe," Ikupa akamkata. "Mle ndani baba hana neno lake hata moja."

"Na mimi maneno nilitoa wapi, dada? Yote alinifundisha yeye."

"Basi ungemwambia!" akasema Tusekile. "Ulikuja hapa, ukanywa chai yangu, ukanyamaza kama mimi."

Wakabishana. Mama akadai, mwanafunzi akadai, binti akadai, wakarudi kwa mama. Arobaini ikapita, wino ukakaukia ndani ya kalamu.

Mimi pa kuwasimamisha sijapaona. Na ninyi mnaosikiliza, futeni hayo machozi, hayajibu kitu. Aliyeficha, aliyeandika, aliyesema: marehemu alimtaja mmoja, na kalamu bado iko mezani. Je, nani alistahili?