Siku Isiyokuwa na Zamu

Palikuwa na mama mmoja mjane aliyebakiwa na vitu viwili vya kumtia moyo: bustani nyuma ya nyumba yake, na daftari moja ndani ya maktaba ya kijiji. Jina lake lilikuwa Nakundwa. Watu walimwita Mama Nietiwe, kwa jina la binti yake wa pekee, ingawa Nietiwe mwenyewe alikwisha kuzikwa. Nakundwa hakujua kusoma. Binti yake alijua, na kabla homa haijamchukua alikaa masika nzima jikoni kwa bibi yake, akiandika kila alichokisema yule kikongwe: majina ya waliozaliwa na waliokufa, nyimbo za kubembelezea watoto, njia ambayo ukoo ulipita ulipopanda mlima. Bibi akafa, mjukuu akafuata. Basi daftari lile likawa na sauti mbili, ya mama yake Nakundwa iliyosema na ya binti yake iliyoandika. Nyumbani kulikuwa na moshi na panya. Akaona alipeleke maktaba, likatunzwe.

Kila Alhamisi alioga, akajifunga kitambaa safi, akateremka. Mwalimu Senkondo, mzee mstaafu aliyetunza maktaba, alilitoa daftari, akavaa miwani, akamsomea ukurasa mmoja. Mmoja tu, kwa kuwa mama mwenyewe alitaka hivyo, lisije likaisha upesi. Mahali pamoja kikongwe alisema, andika polepole mjukuu wangu, sikimbizwi na mtu. Na Nietiwe, mtoto mtundu, aliyaandika hata hayo. Mwalimu akifika hapo alishusha daftari. Alijua mama atacheka, kisha atajifuta macho, ndipo waendelee.

Maktaba ilikuwa chumba kimoja cha matofali mabichi, chini kabisa ya kijiji, na mabati yake yalikuwa yametoboka. Mvua ikinyesha, mwalimu alihamisha vitabu kutoka pembe hii kwenda ile, na pembe zilikuwa zinamwishia. Ndipo wanakijiji wakakutana, wakakubaliana jambo jema. Kijiji chao kilisifika kwa bustani za nyumbani. Wakasema, tuchague siku moja ya kiangazi, tufungue malango yetu, watu wa vijiji vingine waje watembee wakitazama, na kila kikundi kije na bati moja la maktaba. Nakundwa alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Hakuwaza maua. Aliwaza daftari lake likiwa chini ya bati zima, na Alhamisi nyingi mbele yake.

Sasa, maji ya kijiji kile yalikuwa ya zamu. Juu kule kulikuwa na ndiva, bwawa dogo la udongo walilochimba wazee, na kutoka kwenye ndiva mfereji ulishuka ukipita ubavuni mwa kila bustani. Kila nyumba ilikuwa na saa yake ya kunywesha. Na mwenye zamu ya mwisho ndiye aliyepanda juu kuliziba tundu la ndiva kwa jiwe, magome ya mgomba na tope. Kazi hiyo humchafua mtu mpaka kiunoni. Hakuna aliyeipenda, na hakuna aliyeikwepa, kwa sababu siku zote ilijulikana wa mwisho ni nani. Asipoziba, maji yatateremka mpaka mfereji unapoishia, na mfereji uliishia nyuma ya ukuta wa maktaba.

Ziara ilipokaribia, watu walianza kuviziana. Huyu amepanda nini, yule ameazima vyungu vya maua kwa nani. Jirani wa juu wa Nakundwa, mzee Mbonea, alisimama uani kwake na mkasi wa kupogolea, akamwambia kwamba mwaka huu waridi zake zitawafanya wageni wasahau njia ya kwenda kwa watu wengine. Nakundwa akamjibu kwamba basi shemeji awawekee na vitanda kabisa, maana hawataondoka. Wakacheka. Lakini jioni ile naye aliongeza mbolea.

Zikabaki siku mbili. Wakakutana tena, wakaamua kwamba siku ya ziara zamu ziachwe. Bustani zote zinyweshwe pamoja alfajiri, zote zing'ae kwa wakati mmoja, asionekane mtu amekauka mbele za wageni. Nakundwa alikuwapo, na aliitikia kama wengine. Hakuna aliyesema kwamba pasipo zamu hapana wa mwisho.

Siku ikafika. Alfajiri ndiva ikafunguliwa, kila mtu akanywesha bustani yake, akaziba mdomo wake mdogo wa mfereji, akaingia ndani kuoga na kuvaa. Saa tatu wageni wakaja, kundi kwa kundi, bati kichwani, wakiimba. Mwalimu Senkondo alikuwa amefunga maktaba, kwa kuwa yeye ndiye aliyewatembeza, akitaja jina la kila mti. Langoni kwa Nakundwa walisimama kuliko kote. Mama mmoja mnene wa kikundi cha kwaya alimwuliza maua haya anayalisha pilau au nini, maana ya kwake anayabembeleza kama mume na bado yananuna. Nakundwa alicheka mpaka akashika ubavu. Ilikuwa miaka mingi tangu watu wengi hivyo waje kwake pasipokuwa na msiba.

Ilipotimu saa sita, alipozunguka kuchota maji ya kuwapa wageni, aliona mfereji. Ulikuwa bado unakwenda, umejaa. Akasimama. Alijua maana yake. Alitazama juu kwenye ndiva, akatazama kitenge chake kipya na viatu alivyoazima kwa mdogo wake. Akasema moyoni, walio juu wako karibu zaidi, Mbonea ameshaona, atakwenda. Langoni mtu alikuwa anamwita, wanataka kujua jina la ua jekundu. Akarudi langoni.

Naye Mbonea alikuwa ameuona tangu saa nne. Akasema, wa chini ndio wenye kuzoea kuziba. Na aliyekuwa juu ya Mbonea alisema la kwake, na wa juu yake hivyo hivyo, mpaka nyumba ya kwanza kabisa, ambayo uani kwake unaweza kusikia maji yakitoka ndivani.

Saa kumi mabati yalikuwa mengi kuliko walivyotarajia. Wakayabeba kwa maandamano, wenyeji na wageni pamoja, ngoma mbele, wakateremka kwenda kuikabidhi maktaba paa lake. Walioongoza ndio waliosimama kwanza. Kisha ngoma ikanyamaza. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelowa tangu asubuhi, nao ulikuwa wa tofali bichi. Ulikuwa umelala chini. Rafu zilikuwa zimelala juu yake, na vitabu vilikuwa ndani ya tope, vimevimba kama mikate, na juu yake maji yalikuwa yanapita taratibu, safi kabisa, maji mazuri ya kunyweshea.

Nakundwa aliingia na viatu vya watu. Alipiga magoti na kitenge kipya. Alifukua kwa mikono mpaka akalipata, na akalijua kwa jalada lake la kijani, kwa kuwa maandishi asingeyajua. Akalifuta kwa kitambaa cha kichwani, akampa mwalimu, akamwomba amsomee hata mstari mmoja. Mwalimu Senkondo akavaa miwani. Akafungua ukurasa, akafungua mwingine, akaendelea hivyo mpaka mwisho. Wino ulikuwa umekwenda na maji, na kila ukurasa ulikuwa bluu tupu.

"Mama Nietiwe," akasema, "nikisoma sasa nitakuwa natunga."

Wakati huo watu walikuwa wanaulizana nani alikuwa wa mwisho. Waliulizana mpaka jua likazama, na hawakumpata.

Mabati hayakupotea. Mwaka uliofuata yaliezekwa kwenye kibanda kizuri cha wageni kupumzikia, kwa kuwa ziara ilikuwa imependwa na watu wakaona haifai kuiacha. Ilipoulizwa kwenye mkutano ni kwa faida ya nini, mtu mmoja alijibu kwamba hilo litazungumzwa baadaye. Nakundwa hakufungua lango. Siku za Alhamisi aliketi jikoni, akijaribu kuyasema mwenyewe yale aliyosomewa. Mwanzoni aliyapata mengi. Baadaye yakawa nusu. Ikafika Alhamisi moja akatafuta sauti ya mama yake, akasikia yake mwenyewe, na hakuweza tena kujua lipi lilisemwa na lipi ameliongeza. Akainuka, akaenda kunywesha maua, maana ilikuwa zamu yake.

Basi wanangu, ninyi mnaosifiwa malangoni leo, na maji mnayasikia yakipita: nani kati yenu atavua viatu?