Jozi Moja ya Viatu vya Barafu

Sogeeni karibu, lakini msinihimize. Kisa hiki kimenichosha. Kila nikikiamua usiku, asubuhi nakigeuza. Leo nautua mzigo kwenu.

Nairobi palikuwa na wasichana watatu waliocheza densi juu ya barafu. Jerop alijaliwa wepesi. Akiruka, unasahau kwamba ana uzito. Wairuri alijaliwa nidhamu, maana baba yake, Kibuchi, alimfundisha tangu utotoni na hakusamehe kosa. Mumbua, mkubwa wao, alijaliwa sikio. Yeye alijifunzia barabarani kwa viatu vya magurudumu, na huko hakuna anayevaa kabla ya kugonga kiatu kwa kidole, asikie kama kuna kilicholegea. Kwenye ukumbi wa barafu walimcheka.

"Wewe Mumbua, kwani barafu ina mashimo?"

Naye aligonga tu, viatu vyake na vya wenzake.

Ikafika siku ya ubingwa wa taifa. Bingwa mmoja tu angesafirishwa kushindana ng'ambo. Kwa Mumbua, kwa umri wake, hiyo ilikuwa nafasi ya mwisho.

Mumbua akagonga viatu vya Jerop, vikalia kama kopo bovu. Skrubu za chuma cha chini zilikuwa zimelegezwa! Jerop angeruka, angevunjika mguu. Mumbua akakimbilia meza ya waamuzi. Walipokuwa wakimhoji, zamu yake mwenyewe ikaitwa, ikapita, jina lake likafutwa.

Aliyefuata kuitwa ni Wairuri, akacheza vizuri sana bila kujua lolote. Alipotoka alikuta zogo, akaona bisibisi mfukoni mwa baba yake.

"Baba, ni wewe?"

"Nyamaza. Nilikuwa nakutafutia ushindi."

Hakunyamaza. Alimtaja mbele ya waamuzi huku akilia, kisha akavua viatu vyake, bado vina joto, akampa Jerop. "Vaa. Mguu wetu ni mmoja."

Jerop aliogopa, nani asingeogopa? Hata hivyo alivaa viatu vya binti wa mtu aliyetaka kumlemaza, akaingia barafuni, akaruka. Akawapita wote kwa alama.

Watu walipotoka, hakuna aliyeitaja ile densi. Ilikuwa Kibuchi, Kibuchi tu. Inaudhi, jamani.

Mwenyekiti wa chama cha mchezo huo, amechoka hata kusimama, aliweka medali kwenye benchi. "Mimi sina nguvu tena. Kila mmoja wenu ana haki yake. Atakayeivaa ndiye atakayesafiri. Amueni wenyewe."

"Mimi ndiye niliyecheza," akasema Jerop.

"Kwa viatu vyangu," akasema Wairuri. "Na leo sina baba wa kurudi kwake."

"Na kwa mguu nilioukoa mimi," akasema Mumbua. "Mwakani nyinyi mtarudi. Mimi sitarudi."

Taa za ukumbi zikazimwa moja moja, na medali ingali pale benchini. Hakuna aliyenyoosha mkono, na hakuna aliyeinuka kwenda.

Mimi nimeshindwa. Haya, nyinyi mnaosikiliza: ungeiokota wewe ile medali, ungemvisha nani, na wale wawili ungewatazamaje usoni?