Blenda ya Bibi na Kiboko Mwenye Duka

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nani?
Na Kiboko mwenye duka!
Na nani tena?
Na mteja wake, masikini!

Basi, Nguchiro alikuwa na bibi asiye na jino hata moja. Bibi huyo alikula kilichosagwa tu. Nguchiro akanunua blenda kwa Kiboko, waranti mwaka mmoja. Siku ya tatu blenda ikalia grrr, ikatoa moshi, fyuu, ikafa. Bibi akashinda na njaa.

Nguchiro huyoo, mbio mpaka dukani.

"Bwana Kiboko, blenda imekufa. Naomba unibadilishie."

"Risiti iko wapi?"

Mbio nyumbani, mbio dukani. "Risiti hii."

"Boksi lake liko wapi?"

Mbio nyumbani, mbio dukani. "Boksi hili."

"Na ile nailoni iliyofunika boksi?"

Nailoni! Jamani, nani anatunza nailoni? Ilikuwa jalalani zamani.

Kiboko akapiga mwayo, akaonyesha kibao ukutani: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. "Nunua nyingine, dada."

Nguchiro alikasirika mpaka mkia ukamsimama. Lakini akatabasamu. "Haya, kaka. Nataka ile kubwa kuliko zote. Ila tuijaribu kwanza."

Macho ya Kiboko yakang'aa kwa tamaa. Na duka gani halijaribu kitu mbele ya mteja? Akachomeka. Brrr!

"Hapo umesaga hewa," Nguchiro akasema. "Bibi yangu hali hewa." Akatoa viazi na maharage ya kuchemsha. Brrr! Laini kabisa. Akamimina kwenye bakuli lake. "Mh, inanguruma sana. Kesho nitajaribu ile ya pili."

Bibi akala.

Kesho yake akaja na ndizi na nyama. Brrr! "Hii inatetemeka."

Bibi akala.

Keshokutwa akaja na boga na karanga. Brrr! "Hii rangi yake siipendi."

Bibi akala, akaanza kunenepa.

Kiboko alitamani kumfukuza, lakini duka lilijaa wateja, wote macho kodo. Tena nao wakaanza kuja na mabakuli yao! Siku ya kumi duka zima lilinuka maharage. Blenda zote zimetumika, haziuziki, na Kiboko kutwa anaosha majagi.

"Chukua!" akalia. "Chukua mpya, bure, na usirudi tena hapa!"

Nguchiro akaitazama. "Boksi lake liko wapi?"

Kiboko mbio stoo, mbio kaunta. "Boksi hili."

"Na nailoni yake?"

Kiboko yule yule, na tumbo lake lote, akaenda kuinama jalalani.

Funzo, wapenzi wangu: heshimuni masharti ya dukani. Tunzeni risiti, boksi na nailoni. Mimi nimevitunza vyote uvunguni, mwaka wa pili huu, na pasi yangu haijabadilishwa mpaka leo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, nendeni nayo. Ikiwa chungu, poleni: ikishasimuliwa hairudishwi.