Nyamizi na Wapishi wa Udongo

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitika kama mna homa? Paukwa!
Pakawa!
Haya, mmeamka. Anasimulia bingwa, kaeni sawa.

Hapo kale alikuwepo mwanamke, jina lake Nyamizi. Shamba lake lilikuwa limechoka, gumu kama kigae, mahindi yake membamba kama masharubu yangu. Mkuu wa ukoo akamwambia, "Mama, msimu huu ukikosa tena, shamba nampa mwingine."

Kijiji hicho kilikuwa na desturi: kabla ya kupanda, fagia mabua, fagia majani, choma vyote. Shamba safi ndiyo heshima ya mtu. Wajinga eti? Ngojeni.

Nyamizi akaenda msituni, akachota kikapu cha udongo mweusi. Udongo ukasema, "Nani anatubeba?"

"Ni mimi, Nyamizi. Nataka rutuba yenu."

"Rutuba tunaipika sisi. Tu wapishi, wadogo hata jicho halituoni."

Akawamwaga shambani. Akafagia, akachoma. Wakalia, "Tunaungua, mama, tunaungua!" Kimya.

Akarudi msituni, akachota wengine. Hakuchoma, ila alifagia. Wakalia, "Tuna njaa, mama, tuna njaa!" Kimya.

Akarudi mara ya tatu. Wapishi wakafoka, "Unaalika wapishi, unawachoma jikoni, wengine unawanyima unga! Una akili kweli?"

Nyamizi akaona aibu, kisha akacheka. Akawabeba hadi shambani, akawatandikia mabua na majani, akanyunyiza pumba na maji, akapanda.

Shoga yake Kabula akapita. "Shoga, uchafu gani huu? Fagio limekufa?"

"Limelala, shoga. Waache wapishi wapate kula."

Mvua ikanyesha. Mahindi yakanenepa, yakafunga njia. Mkuu wa ukoo akaingia kukagua, akapotea humo humo, wakamtafuta kwa kuita! Alipotoka akasema, "Mama, shamba ni lako."

Baada ya mavuno Kabula akaja. Mkono huu kikapu, mkono huu kijinga cha moto, anakwenda kuchoma shamba lake. "Shoga, nigawie wapishi."

Nyamizi akamwambia, "Chagua mkono mmoja."

Kabula akatazama kikapu, akatazama kijinga. Akakichomeka kijinga kwenye tope: chwaa!

Hadithi yangu imetua hapo. Funzo: udongo una watu wake, walishe, nao watakulisha. Ikiwa tamu, nisifuni mimi. Ikiwa chungu, hamjui kusikiliza.